Nyumba Iliyokuwa Kinu cha Maji

Askari na jamaa yake hukaa katika nyumba nyingi maishani, lakini aghalabu hakuna hata moja iliyo yao. Akina mama wenzangu wa kambini na wa laini za polisi wanalijua jambo hili vema. Unakabidhiwa nyumba pamoja na orodha ya vitu vilivyomo: vitanda viwili, meza moja, taa nne, kioo kimoja cha dirisha kilichopasuka. Unapanda maua mlangoni, na kabla hayajachanua amri ya uhamisho imekwisha fika. Katika miaka 28 ya utumishi wa mume wangu nimefunga mizigo mara tisa, na mara zote tisa nimerudisha ufunguo kwa mtunza ghala na kutia sahihi. Silalamiki, maana nyumba hizo zimetulelea watoto. Lakini siku ya kustaafu inapokaribia, swali hujileta lenyewe wala hakuna awezaye kulikwepa: tutakwenda kulala wapi?

Kwetu swali hilo lilikuja na mzozo. Marehemu baba mkwe aliacha kiwanja kando ya barabara, na juu ya kiwanja hicho jengo kuukuu la mashine ya kusaga posho. Injini ya dizeli ilikuwa imenyamaza miaka mingi, tangu umeme ulipofika katika senta na wengine wakaleta mashine ndogo za umeme. Shemeji zangu wawili walitaka jengo libomolewe, chuma kiuzwe kwa kilo, na fedha zigawanywe. Mume wangu alitaka kujenga nyumba mpya pale pale. Mama mkwe hakusema neno. Mimi nilikuwa na fikira ya tatu, ambayo niliipata mbali sana na kwetu, nami naomba nafasi katika ukurasa huu nieleze nilivyoipata. Kwa kuwa najua jamaa nyingi za askari zina jengo kuukuu la wazazi lililosimama kijijini, likingoja uamuzi.

Mwaka 2018 nilikwenda Uingereza kwa binti yetu, ambaye ni muuguzi karibu na mji wa Guildford katika jimbo la Surrey, kusini-magharibi ya London. Alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza, na katika jambo kama hilo mama hana budi kwenda. Jumapili moja, yeye na mumewe walinichukua hadi kijiji cha Shalford, mwendo mfupi tu kutoka mjini, kutazama kinu cha maji cha zamani. Kusema kweli sikuwa na shauku. Mtu aliyekulia katika foleni ya mashine ya posho, debe la mahindi kichwani, haoni kuwa kinu ni kitu cha kufungiwa safari. Lakini mgeni hufuata alipoongozwa, nami nikafuata.

Mto unaopita chini ya kinu hicho huitwa Tillingbourne. Sisi tungeuita kijito, maana ni mfupi tu kabla haujaingia katika mto Wey. Hata hivyo kijito hicho kilifanya kazi ya majitu. Kwa karne nyingi maji yake yalisaga nafaka, yalitengeneza karatasi, na, jambo litakalowavutia wasomaji walio jeshini, yalitengeneza baruti. Katika kijiji jirani cha Chilworth kulikuwa na kiwanda cha baruti kilichoanzishwa mwaka 1626 na Kampuni ya Uingereza ya India ya Mashariki, nacho hakikufungwa hadi mwaka 1920. Mwaka 1901 mlipuko mmoja uliwaua wafanyakazi sita. Mwandishi William Cobbett, aliyepita bonde hilo juu ya farasi mwaka 1822, alikasirika mno kuona kwamba mahali pazuri kiasi kile pamefanywa pa kutengenezea baruti na karatasi za noti. Kinu cha Shalford hakikuwamo katika lawama hiyo, kwani chenyewe kilisaga unga tu, na unga haukumdhuru mtu.

Jengo lilijengwa katika karne ya 18. Kuta za chini ni matofali. Kuta za juu ni mifupa ya mbao iliyovikwa vigae vyekundu vilivyotundikwa safu kwa safu kama magamba ya samaki. Kisha sehemu ya juu imetokeza mbele, kama mtu anayeinama kutazama mizigo iliyo chini. Kwa mtazamo wa kwanza utadhani fundi alikuwa akijipamba. Sivyo hata kidogo. Mzee mmoja wa kujitolea aliyetuongoza alitueleza kazi ilivyokwenda, na alipokwisha eleza niliona kwamba hakuna ubao hata mmoja uliowekwa pale kwa ajili ya urembo.

Magunia ya nafaka yalifika kwa gari la farasi, yakasimamishwa chini ya sehemu ile iliyotokeza. Mnyororo ulioendeshwa na gurudumu la maji lenyewe uliyavuta hadi orofa ya juu kabisa. Katika sakafu za ndani kulikuwa na milango midogo ya pande mbili: gunia likipanda huisukuma ikafunguka, likiisha pita hujifunga kwa uzito wake, ili mtoto au mfanyakazi asitumbukie. Huko juu nafaka ilimwagwa katika masanduku makubwa. Kutoka hapo ilishuka yenyewe kwa mfereji wa mbao hadi orofa ya mawe, ikasagwa, na unga ukashuka tena hadi orofa ya chini, ukaingia guniani. Kwa hiyo kazi ya kupandisha ilifanywa mara moja tu, na yote yaliyofuata yalifanywa na uzito wa nafaka yenyewe.

Hii ndiyo sababu kinu cha namna hiyo ni jengo refu lenye orofa nyingi zilizo fupi. Ndiyo sababu boriti zake ni nene kupita za nyumba yoyote ya jirani, maana zilibeba nafaka ya kijiji kizima, na mawe ya kusagia ambayo jiwe moja huweza kufikia uzito wa tani moja. Ndiyo sababu madirisha ni madogo, kwani nafaka haihitaji kutazama nje. Nyumba ya kukaa hupangwa kwa kufuata nyendo za mtu, kutoka mlangoni hadi jikoni hadi kitandani. Jengo hili lilipangwa kwa kufuata mwendo wa punje ya ngano, kutoka juu hadi chini.

Nilisimama kitambo mbele ya mawe. Jiwe la chini limetulia, la juu ndilo huzunguka, na nyuso zao zimechongwa mifereji ili unga utoke nje na upepo upite usiungue. Mawe hayo hayatakiwi kugusana kamwe. Yakigusana hutoa cheche, na vumbi la unga likishika moto katika chumba kilichofungwa hulipuka. Kumbe hata kinu cha unga kilikuwa na baruti yake! Gurudumu la maji huzunguka polepole, mara chache tu kwa dakika, ilhali jiwe hutaka kuzunguka mara mia na zaidi. Basi katikati yao huwekwa magurudumu ya meno yanayozidisha mwendo. Katika vinu vingi gurudumu moja lilikuwa la chuma, na lililokutana nalo lilitiwa meno ya mti mgumu, kama vile mtufaha. Meno ya mti hayapigi kelele, hayatoi cheche, na ikitokea mtambo umekwama, huvunjika jino moja ambalo seremala hulirudishia, wala halivunjiki gurudumu zima.

Kinu hicho kilisaga hadi mwaka 1914. Tangu miaka ya 1880 viwanda vikubwa vya bandarini vilikuwa vikisaga ngano iliyoletwa kwa meli kutoka Marekani, kwa mashine za chuma zilizoendeshwa na mvuke. Na unga wao ulikuwa mweupe zaidi na rahisi zaidi. Vinu vya mtoni vikafa kimoja baada ya kingine. Vingine viliungua, vingine vilibomolewa, vingine vilifanywa banda la nyasi. Kile cha Shalford kilikuwa mali ya ukoo wa Godwin-Austen, ambao ulimtoa Henry Haversham Godwin-Austen, askari na mpima ramani, ambaye jina lake liliwahi kupewa mlima wa K2, wa pili kwa urefu duniani. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1930 jengo lilikuwa likichakaa, na matengenezo yake yalihitaji fedha nyingi.

Waliolinusuru ni wanawake vijana ambao hadithi yao ilimchekesha sana mume wangu niliporudi nyumbani. Walijiita Genge la Ferguson. Walificha majina yao, wakajipa majina ya kihuni kama Bill Stickers na Red Biddy, nao walivaa barakoa walipopeleka fedha. Lakini badala ya kuiba, walichanga. Mwaka 1932 kinu kilikabidhiwa kwa National Trust, chama cha hifadhi kilichoanzishwa mwaka 1895, kwa msaada wa genge hilo; na mwaka 1933 Red Biddy aliingia ofisini mwa chama hicho amejifunika uso, akatua pauni 100 za sarafu za fedha, akaenda zake. Mume wangu, ambaye ni askari polisi hata akiwa usingizini, aliuliza kama kuna jalada lililofunguliwa. Nilimjibu kwamba wahalifu wa namna hiyo tungewahitaji wilayani kwetu.

Sasa nifikie jambo lenyewe. Jengo lililopona linahitaji mtu wa kulitazama kila siku, kwa kuwa paa linalovuja usiku halimngojei mtalii wa Jumapili. Msanifu majengo John Macgregor alilitengeneza, na sehemu moja ya kinu ikafanywa makao ya watu, ambamo yeye na jamaa yake walikaa. Sehemu nyingine, yenye gurudumu na mitambo, ikaachwa kinu. Macgregor alikuwa mtu wa chama cha kulinda majengo ya kale kilichoanzishwa na William Morris mwaka 1877, ambacho mafundisho yake yote yaweza kusemwa kwa maneno machache: tengeneza kilichoharibika, usibuni uzee wa uongo, wala usiufute uzee wa kweli. Boriti ikioza mwisho wake mmoja, hukatwa mwisho huo na kuungwa mti mpya, haiondolewi yote. Tena kiungo hakifichwi, ili atakayekuja ajue kipi ni cha babu na kipi ni cha mjukuu.

Mzee wetu hakuficha shida za kukaa katika kinu. Orofa ni fupi, na mtu mrefu hujifunza kuinama. Mwanga ni haba. Unyevu hupanda kutoka mtoni na kuingia katika kuta, na matofali ya kale yaliyojengwa kwa chokaa yakipigwa lipu ya saruji huufungia unyevu huo ndani na mbao zikaoza. Dawa yake ni kurudi kwenye chokaa. Malango ya maji hayana budi kutunzwa hata kama gurudumu halizunguki, maana mto haujui kwamba kazi imekwisha, na mvua ikizidi utapita mlangoni. Ngazi ni za kusimama kama za kupandia darini. Wapo watu, alisema, walionunua vinu vya namna hiyo, wakang'oa mitambo yote wapate sebule kubwa, kisha wakajikuta wamenunua ghala lenye baridi. Mtambo ulikuwa ndio maana ya jengo. Ulipoondolewa, umbo likabaki bila sababu.

Njiani kurudi, binti yangu aliniambia habari ya kinu kingine, kilichoko Ufaransa, karibu na mji wa Gif-sur-Yvette, nje ya Paris. Huitwa Moulin de la Tuilerie. Mwaka 1952 kilinunuliwa kikiwa kimekwisha geuzwa kuwa nyumba, na mnunuzi alikuwa Edward, yule aliyeacha ufalme wa Uingereza mwaka 1936. Wazee wetu walimjua akiwa bado mrithi wa ufalme, kwa kuwa alifika Afrika Mashariki kuwinda mwaka 1928 na tena mwaka 1930. Mtu huyu alizaliwa katika majumba ya kifalme, ambayo yote yalimpotea alipoiacha kazi. Mjini Paris alikaa katika nyumba iliyokuwa mali ya mji. Kinu kile ndicho nyumba pekee ambayo yeye na mkewe walinunua wakaimiliki wenyewe, na ndiko alikolima bustani yake kwa msaada wa Russell Page, mpangaji bustani mashuhuri. Nilicheka peke yangu ndani ya gari. Nilimwona mfalme naye anarudisha ufunguo kwa mtunza ghala, kisha anatafuta mahali pa kupanda maua ambayo hakuna amri itakayomhamisha nayo.

Niliporudi nilikuta baraza la ukoo limeitishwa. Sikusema kitu siku ile, kwa kuwa mke wa mtoto wa pili hatangulii kusema. Usiku nilimweleza baba watoto yote niliyoyaona, naye akanisikiliza kama anavyosikiliza shahidi, bila kunikatiza. Asubuhi alichukua kamba ya kupimia, akaenda kulipima jengo la baba yake.

Alipata nini? Kuta za matofali ya kuchoma, unene wa matofali mawili, hazina ufa. Msingi uliochimbwa kwenda chini mara mbili ya kawaida, kwa kuwa baba mkwe alijua injini hutikisa, na jengo linalotikiswa kila siku halina budi kushikwa na ardhi. Paa lilikuwa limeliwa na kutu, lakini kenchi zake zilikuwa za mti mgumu usioguswa na mchwa. Fundi tuliyemwita alisema kwamba kwa kiinua mgongo cha mume wangu msingi na kuta kama zile tusingeweza kuzijenga tena, na kwamba kubomoa peke yake kungekula fedha za mabati. Ubaya ulikuwa sakafu: saruji iliyokunywa mafuta ya dizeli miaka mingi haishiki saruji mpya, nayo hutoa harufu. Ilibidi ichimbwe yote na kutupwa mbali na kisima. Madirisha nayo yalikuwa madogo na ya juu, kwa kuwa yaliwekwa ya kutolea vumbi.

Baraza la pili lilikuwa zito. Shemeji mkubwa alisema kwamba ni aibu kwa ofisa wa polisi kustaafu akaenda kulala mashineni. Watu watasema ameshindwa kujenga. Neno hilo lilimchoma mume wangu, nami nililiona usoni pake. Tena halikuwa neno la upuuzi, kwa kuwa kijijini nyumba ya mstaafu ndiyo cheti chake cha mwisho. Shemeji mdogo alikuwa na haja ya fedha za chuma, na haja yake ilikuwa ya kweli, maana mtoto wake alikuwa amesimamishwa shule kwa kukosa ada.

Hapo ndipo mama mkwe alipofungua kinywa. Alisema, "Wanangu, hakuna hata mmoja wenu ambaye ada yake haikutoka katika mawe yale. Mkiyauza kwa kilo, mniuze na mimi." Kisha akanyamaza, na baraza likanyamaza naye.

Tulipatana hivi. Injini iliuzwa, kwa kuwa ilikuwa imekufa kweli, na fedha zake zote alipewa shemeji mdogo kwa ajili ya ada. Mawe ya kusagia na gurudumu la mkanda yakabaki. Mume wangu alilipa sehemu za nduguze polepole kwa karatasi iliyotiwa sahihi mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Kuta hazikuguswa ila kufungua madirisha matatu upande wa mashariki. Vyumba viwili vya kulala viliwekwa palipokuwa ghala la magunia, na jiko likawa palipokuwa mizani, karibu na mlango, kama ilivyopasa. Kitako cha injini, bonge la zege lililo juu kiasi cha goti, fundi alitaka kulivunja kwa nyundo siku nne. Tulimkataza. Tumelipiga nakshi ya saruji laini, na ndilo benchi la sebuleni, ambalo mchana wa jua kali lina ubaridi usiopatikana katika kiti chochote.

Sitadai kwamba mzozo umekwisha. Shemeji mkubwa amekuja mara mbili tu, na mara zote mbili alikaa nje. Nyumba ina joto chini ya mabati, na dari bado haijapigwa. Siku za mvua harufu ya dizeli hurudi kidogo pembeni mwa ukuta, na wajukuu huuliza ni nini. Mama mkwe, anayekaa nasi, huwaambia kwamba hiyo ni harufu ya babu yao.

Basi, ndugu wasomaji mnaokaribia kustaafu, sisemi kila jengo kuukuu lihifadhiwe. Lililooza msingi libomolewe mapema, kabla halijamwangukia mtu. Lakini kabla ya kumwita mwenye nyundo, fanyeni mambo matatu ambayo hayana gharama. Piteni humo na kamba ya kupimia, mkaandike unene wa kuta na kina cha msingi. Ulizeni kila tundu na kila boriti iliwekwa kwa kazi gani, maana mwenye kujua sababu ya dirisha ndiye ajuaye kama lapaswa kuzibwa au kupanuliwa. Kisha mwulizeni mzee aliyebaki, naye mumpe muda wa kujibu. Kwetu jibu lake lilichelewa baraza zima, na laiti tungemharakisha, leo pangekuwa na shimo, na fedha zingekuwa zimekwisha liwa.